Tupeane uzoefu: Kodi ya jimbo Marekani, wewe ni mkazi au si mkazi?

Mwanzisha mada

Wadau mlioko Marekani, W-2 (karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka) zimeanza kutua na maswali ni yale yale: unalala jimbo moja, kazi iko jimbo la pili, ritani (fomu ya kodi ya mwaka) unapeleka wapi? Tuwekeane namba za fomu, mpangilio, na pale watu wanapoumia. Habari za "mimi mwaka juzi" tuziache kando, tuandike kinachomsaidia anayejaza leo usiku.

Naanza na msingi. Ukazi wa IRS (mamlaka ya kodi ya shirikisho) na ukazi wa jimbo ni vitu viwili. IRS wanaangalia viza, green card na siku ulizokaa nchini. Jimbo linaangalia makao yako ya kudumu, yaani pale unapopahesabu kuwa kwako na unaporudi kila ukisafiri. Makao hayo ni mamoja tu kwa wakati mmoja, na ya zamani hayafi mpaka uweke mapya. Ushahidi ni leseni ya udereva, usajili wa gari, mkataba wa nyumba, shule ya watoto. Kadi ya kupigia kura nayo ni ushahidi, ila kwa raia peke yao. Mwenye green card asithubutu kujiandikisha kupiga kura ili apate karatasi ya kodi, atajiharibia uhamiaji.

Majimbo mengi pia yana kipimo cha siku. New York, kwa mfano, ukiwa na nyumba ya kuishi pale karibu mwaka mzima na ukakaa zaidi ya siku 183, wanakuhesabu mkazi hata kama makao yako ya kudumu yako kwingine.

Majimbo yasiyotoza kodi ya mshahara ni Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Lakini kuishi huko hakukukingi ukivuka mpaka kwenda kazini. Anayelala Vancouver ya Washington na kufanya kazi Portland analipa Oregon kama asiye mkazi, na kwake hakuna kodi ya kupunguziwa.

Mdau wa New Jersey

Hapa kwetu kesi kubwa ni ya wanaovuka kwenda New York. Fomu ni mbili: IT-203 ya New York, ambako si mkazi, na NJ-1040 ya nyumbani ikiwa na jedwali la NJ-COJ. New York inatoza mshahara uliopatikana kwake. New Jersey inatoza mapato yako yote popote yalipotoka, kisha inakupa nafuu kwa kodi uliyolipa kule.

Mpangilio ndio roho ya kazi: shirikisho kwanza, halafu jimbo usilo mkazi, la nyumbani mwisho. Ukianza na la nyumbani, programu haina namba ya New York ya kuweka kwenye nafuu, na utaambiwa unadaiwa kodi yote upya.

Kosa la pili, na hili nimeliona likirudiwa hata na watu wanaolipwa kujazia wengine: kuchukua namba ya boksi 17 ya W-2 na kuiweka kama kodi iliyolipwa New York. Boksi 17 ni kiasi ulichokatwa, si kodi yenyewe. Kodi ni ile iliyokokotolewa kwenye IT-203. Chukua mtu asiye na ndoa, mshahara dola 60,000, viwango vya 2024. New York inamtoka takriban dola 2,700. Akiwa alikatwa 3,000, anarudishiwa 300. New Jersey kwa mshahara huo huo inafika kama 1,770. Nafuu yake ni 1,770, kwa sababu wanachukua kilicho kidogo kati ya kodi ya kule na kodi ya nyumbani. Kwa hiyo New Jersey hadaiwi kitu, lakini ile ziada ya 930 hairudi kutoka popote. Mtu asikuahidi vinginevyo.

Angalieni pia boksi 18 hadi 20, zile za kodi ya mji. Kodi ya jiji la New York ni ya wanaoishi jijini. Ukiwa unaishi Jersey City halafu boksi 20 inaonyesha NYC, umekatwa kimakosa: idai kwenye IT-203, kisha mpelekee mwajiri anwani sahihi.

Na wanaofanyia kazi nyumbani: kama ofisi yako ni New York na unabaki nyumbani kwa hiari yako, si kwa sababu kazi yenyewe inalazimu, siku hizo New York inazihesabu zake.

Mdau wa Louisville

Ndugu zetu Wakongo wengi hapa wanaishi Kentucky na kufanya kazi maghala ya Indiana, ng'ambo ya mto. Majimbo haya mawili yana makubaliano: mshahara unatozwa unakoishi tu. Mkazi wa Kentucky anampa mwajiri wa Indiana fomu WH-47. Mkazi wa Indiana anayefanya kazi Kentucky anatoa 42A809. Usipoitoa, unakatwa jimbo la kazini mwaka mzima, halafu inabidi ujaze ritani huko ili urudishiwe, na wakati huo huo nyumbani unadaiwa yote kwa mkupuo.

Makubaliano hayo hayagusi kodi ya mji. Louisville inakata asilimia 2.2 kwa mkazi anayefanya kazi mjini na 1.45 kwa asiye mkazi, kwa hiyo usishangae kuiona kwenye hati ya mshahara. Columbus ya Ohio nayo inakata asilimia 2.5.

Mdau wa Virginia

Huku Virginia, Maryland na DC (jiji la Washington) ni hivyo hivyo, mshahara unatozwa unakoishi. Unaishi Alexandria ya Virginia, unafanya kazi Silver Spring ya Maryland: mpe mwajiri fomu MW507 inayosema wewe ni mkazi wa Virginia, na VA-4 ili wakukate Virginia. Kama walishakata Maryland, jaza Form 505, ritani ya Maryland ya asiye mkazi, urudishiwe, na Virginia jaza Form 760 ukilipa yote. Hapa usidai nafuu ya kodi ya jimbo jingine, maana Maryland haikuwa na haki ya kukutoza. Virginia mwisho ni Mei 1, si Aprili 15. Makubaliano ni ya mshahara tu. Biashara yako au nyumba ya kupangisha iliyoko Maryland inatozwa Maryland.

Swali

Wakuu, shikamooni. Dereva wa trela anayepita majimbo 20 kwa mwezi anajaza ritani 20?

Mdau wa Indianapolis

Marahaba. Hapana. Sheria ya shirikisho, 49 U.S.C. 14503, inasema dereva mwenye kazi ya kawaida katika majimbo mawili au zaidi anatozwa mshahara huo na jimbo analoishi peke yake. Tatizo huwa ni kampuni kukukata jimbo la ofisi yao. Ukiishi Texas na ofisi iko Missouri, angalia boksi 15 ya W-2, inayotaja jimbo. Ikisema MO (Missouri), jaza MO-1040 pamoja na MO-NRI ukionyesha mapato ya Missouri ni sifuri, na uweke leseni na kumbukumbu za safari tayari wakiuliza. Sheria hii haimlindi anayebeba mizigo ndani ya jimbo moja tu.

Swali

Na aliyehama Juni kutoka Minnesota kwenda Georgia, W-2 moja, yote imeandikwa MN (Minnesota)?

Mwanzisha mada

Dada, huyo ni mkazi wa sehemu ya mwaka kote kuwili: M1 na jedwali M1NR kwa Minnesota, Form 500 na Schedule 3 kwa Georgia. Mshahara ugawe kwa hati za malipo: chukua ile ya mwisho kabla ya kuhama, jumla ya mwaka mpaka siku hiyo ndiyo ya Minnesota, iliyobaki ni ya Georgia. Usigawe nusu kwa nusu kwa sababu tu ni Juni. Kabla ya kutuma, mwombe mwajiri W-2c (W-2 iliyosahihishwa) yenye majimbo yote mawili, kwa kuwa ukionyesha Minnesota mshahara mdogo kuliko ulio kwenye boksi 16, ya mshahara wa jimbo, watakuandikia barua. Asipokupa, ambatisha hiyo hati ya malipo na mkataba wa nyumba mpya. Georgia itataka kodi yake ifikapo Aprili 15 hata kama Minnesota haijarudisha. Ukiomba muda zaidi, unaongezewa muda wa kujaza, si wa kulipa.