Naomba ushauri: Peugeot 504 au Volkswagen Beetle kwa dola 2,500?

Ndugu wapendwa, ninaishi Lubumbashi na nimejiwekea akiba ya dola 2,500 ili ninunue gari la zamani. Moyo wangu uko kwa Peugeot 504, aina iliyotoka mwaka 1968, kwa sababu marehemu baba aliendesha moja na bado nakumbuka jinsi ilivyopita kwenye mashimo bila kututikisa.

Nimeona moja Katuba. Injini yake ya petroli, yenye kabureta, inawaka mara moja, lakini nilipoinua zulia upande wa dereva kidole changu kilipenya kwenye kutu hadi nikaona ardhi. Jambo hili linanikosesha usingizi, maana 504 haina fremu ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu.

Mtu mwingine ananiuzia Volkswagen Beetle, ambayo haina rejeta kwa kuwa injini yake hupozwa kwa hewa. Bodi ni nzima, ila namba ya chesisi hailingani na ile iliyo kwenye hati.

Je, sakafu ya 504 yaweza kukatwa na kuchomelewa upya ikawa imara, na kwa gharama gani? Na hiyo Beetle, niiache kabisa?