Yule wa dirisha la tatu kanipiga IKSI ya mikono mbele ya foleni nzima!!!

Wakuu, naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi nje ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, mikono inatetemeka na wala si baridi. Mliopita chuo hiki mnamjua, simtaji. Yule wa dirisha la tatu. Yule anayekuinamia kwa heshima zote huku anakuchinja. Leo kanipiga iksi.

Ambao hamjafika Japani mtauliza iksi ndiyo nini. Mtu anainua mikono yote miwili, anaipishanisha kifuani, anakutazama. Maana yake haiwezekani, nenda zako. Bila neno. Mtu mzima, ana tai, ananipishanishia mikono usoni kama trafiki anayezuia lori la mchanga lililokatika breki. Na nyuma yangu foleni ya watu elfu nane.

Kosa langu? MUHURI.

Tuliahidiwa mpango wa kubadilishana wanafunzi unaofundishwa kwa Kiingereza. Kijitabu kilisema Kijapani si lazima. Kumbe Kiingereza kinaishia mlangoni mwa darasa! Ukitoka nje, fomu ni Kijapani, matangazo Kijapani, mtambo wa kuchagulia kozi Kijapani, na barua pepe ya kukuonya kwamba hujajibu barua pepe ya Kijapani nayo ni Kijapani. Hizo kozi za Kiingereza zenyewe, orodha yake ilikuwa ndefu kama shinkansen, ile treni yao ya mwendo kasi. Nafika, nyingine ni za muhula ujao, nyingine mwalimu yuko likizo, nyingine tatu zimerundikwa Jumanne kipindi kimoja. Nikakusanya, nikakusanya, zikafika sita.

Sita! Na ofisi hiyohiyo ndiyo iliyotuambia siku ya kwanza tusishuke chini ya saba, maana mwanafunzi wa aina yetu anatakiwa awe na saa 10 za darasani kwa wiki ili viza isilete maneno. Kipindi kimoja ni dakika 90. Pigeni hesabu wenyewe: sita ni saa 9, saba ni saa 10 na nusu. Ile kozi ya saba ndiyo inayonishikilia nchini humu.

Nimeitafuta wiki nzima. Nikampata profesa mmoja Mkanada, mtu wa watu, darasa lake limejaa lakini akasema njoo. Akasaini fomu mbele yangu, kwa mkono wake na kalamu yake. Nikakimbia nayo kama Mwenge wa Uhuru. Nafika saa 5:32, wamefunga saa 5:30, wanakula mpaka saa 6:30. Nikasubiri wima. Dirisha linafunguliwa, mimi wa kwanza. Anaipokea fomu kwa mikono miwili. Anaisoma. Anaigeuza. Anaisoma tena. Anafika kwenye kile kiduara kidogo pembeni ya jina la profesa, pa kugongea muhuri wa jina lake, ule ambao Wajapani hugonga badala ya saini. Kitupu.

IKSI.

Nikamwambia kwa Kijapani changu cha miezi miwili kwamba profesa si Mjapani, muhuri hana, ana saini. Mnajua alifanya nini? Akamgeukia rafiki yangu aliyenisindikiza, Mfilipino asiyejua Kijapani hata cha kuombea maji, akaanza kumweleza YEYE. Kisa sura! Mimi niliyeuliza nimesimama pale kama nguzo ya umeme. Rafiki yangu anasema kwa Kiingereza sielewi, yeye anazidi kumweleza, taratibu, kwa upole, kama anamsomea hadithi. Nikarudia: saini ipo, hii hapa. Akanigeukia.

Iksi ya pili. Na hii ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, viwiko vimefika mpaka masikioni.

Kwetu tunasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku ni mgeni njoo mwenyeji akupige iksi. Mwisho wa kubadilisha kozi ni kesho saa 11 jioni. Profesa keshapanda treni, yuko mkutanoni Sendai mpaka Jumatatu. Nifanyeje? Na asitokee mtu wa kuniambia nitulie. Situlii!

Manusura wa Dirisha: Huyohuyo!! Mimi niliandika majina matatu kama yalivyo kwenye pasipoti, visanduku vikaisha katikati ya jina la babu. Iksi. Mpaka leo kwenye kadi ya maktaba babu yangu ni nusu.

Heisei 13: Pole dada. Mimi fomu ilitaka mwaka wa kuzaliwa, nikaandika 2001. Iksi. Kumbe wanataka Heisei 13, mwaka uleule kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao. Nikabadilisha jina humu jukwaani siku ileile.

Kijana wa Nagoya: Mihuri inauzwa duka la yen 100, imepangwa ukutani kwa majina. Chukua wa Suzuki, gonga, peleka.

Mtoa mada: Profesa haitwi Suzuki!

Kijana wa Nagoya: Basi Tanaka.

Kahawa Chungu: Dada nawe umezidi. Iksi ya mikono ndiyo inakukalisha kwenye ngazi unalia? Ni ishara ya kawaida kabisa. Hata mwenye mgahawa anakupiga iksi tambi zikiisha. Hakukutukana.

Mtoa mada: Ya kawaida hupigwa mara moja. Mimi nimepigwa MBILI. Na ya pili viwiko masikioni. Soma uzi vizuri.

Kahawa Chungu: Nimesoma. Wiki nzima unatafuta kozi, fomu unapeleka ikibaki siku moja. Mwenye kosa hapo simwoni dirishani.

Mpemba wa Saitama: Kwani hii mihuri si waliipiga marufuku? Mwaka 2020 waziri Kono Taro aliziambia wizara ziachane nayo kwenye shughuli za serikali. Na 2024, akiwa waziri wa dijitali, ndiyo wakamaliza kufuta kanuni zilizokuwa zinadai disketi. Disketi wakuu! Zile za mraba! Vuta subira dada, chuoni kwenu patafikiwa.

Mtoa mada: Subira mpaka kesho saa 11?

Manusura wa Dirisha: Mwandikie profesa, amtumie barua pepe yule wa dirisha la KWANZA, yule mama mwenye miwani. Yule ana utu.

Mama Wawili Fukuoka: Nyie mnalilia muhuri, mimi nalilia taka. Chupa ya maji moja tu: kifuniko kwake, karatasi yake kwake, chupa kwake, na siku zake mbalimbali. Jana nimekuta mfuko wangu umeachwa pale na kibandiko chekundu, jengo zima limeuona. Mwanangu wa darasa la pili ndiye aliyenisomea kilichoandikwa. Nimetamani ardhi ipasuke.

Heisei 13: Taka!! Usiniguse hapo. Jirani yangu alinigongea saa 12 asubuhi amebeba kopo langu la tuna. Kisa halikuoshwa.

Baridi ya Sapporo: Mna taka, mna mihuri, mna raha. Njooni huku mwezi wa pili mlalamike mkiwa na meno yanayogongana.

Mwana ABE: Nyie wa kubadilishana mko likizo. Sisi tuliokuja na ABE, ule mpango wa uzamili kwa vijana wa Afrika uliotangazwa kwenye TICAD, ule mkutano wa Japani na Afrika, Yokohama 2013, tuko maabara mpaka saa 6 usiku. Hakuna aliyekukataza kuondoka, ila profesa hajaondoka, basi na wewe huondoki. Mimi ningefurahi kupigwa iksi, angalau ningejua pa kwenda.

Pwani Original: Wa Mombasa hapa. Hizo stori za maabara peleka uzi wako, mwenzio ana fomu ya kesho. Dada, ile posho yako ya JASSO, lile shirika la Japani la kusaidia wanafunzi, usisahau kusaini mwezi huu, ukiwa na hasira ukasusa ofisi utapoteza yen 80,000.

Mtoa mada: Ya kusaini posho ni dirisha lilelile la tatu!! Sasa mnanielewa?

Kahawa Chungu: Kumbe saini huwa anapokea, eh.

Mtoa mada: NDIYO NASHANGAA HAPO! Ya posho saini inatosha, ya kozi anapiga iksi!

Kijana wa Nagoya: Tofauti na mada. Kuna Mjapani nilikutana naye kwenye basi, kasoma Kiswahili Chuo Kikuu cha Osaka. Nikasema "kitabu yangu", akanisahihisha mbele ya abiria. "Kitabu changu, kaka." Sijapona.

Mpemba wa Saitama: Hahaha, kakuonea huruma. Ungepata wa kwetu Pemba ungeshushwa kwenye basi.

Mama Wawili Fukuoka: Huyo wa Osaka kama anasoma hapa, aje amfundishe mwanangu. Wangu sasa ananijibu Kijapani tu.

Mtoa mada: Jamani. Turudi kwenye iksi. Profesa hajajibu barua pepe.

Baridi ya Sapporo: Unga wa ugali mnapata wapi lakini? Mimi napikia semolina mpaka nimechoka.

Heisei 13: Shin-Okubo, Tokyo, kwenye vile vichochoro vya maduka ya halali. Ila uulize kabla hujalipa, mimi nilibeba kilo tano za unga wa muhogo.

Mwana ABE: Wa muhogo ndiyo ugali wenyewe, wewe wa wapi?

Baridi ya Sapporo: Msianze.

Pwani Original: Nina dona kilo mbili nimeletewa juzi, na msiniombe. Ila nauza jiko la umeme la wali, la watu watatu, zima kabisa. Narudi nyumbani mwezi wa tatu. Yen 2,000, uje ubebe mwenyewe, Kawasaki.

Mama Wawili Fukuoka: Kifuniko chake kipo?