Re: Mzee anakuja Desemba, anataka kuingia Old Trafford

Wanajamvi habari za siku nyingi. Baba yangu anakuja kutoka Tanga mwezi wa 12, ni Man United damu damu na kashasema hana haja ya kuzungushwa London, anachotaka ni uwanja wao wa Old Trafford basi. Nimehangaika mtandaoni mpaka macho yanauma, kila mahali wanataka memba, halafu kuna mtu kwenye grupu moja la WhatsApp anauza mbili kwa bei ya kutisha. Wazoefu mnapataje tiketi jamani? Mume wangu mpira hana habari nao.

--------

> kuna mtu kwenye grupu moja la WhatsApp anauza mbili

Dada karibu, na mzee mfikishie shikamoo yangu. Huyo wa WhatsApp usimpe hata senti. Huku Uingereza kulangua tiketi za mpira ni kosa la jinai, sheria ipo toka 1994, na siku hizi tiketi ziko ndani ya simu ya mwenyewe, ukitumiwa skrinshoti utafika nayo getini na mzee wako kavaa jezi halafu mnarudishwa.

Umemba wa klabu unalipia kila msimu lakini haukupi tiketi, unakupa ruhusa ya kuomba tu. Kateni umemba nyie wawili sasa hivi, wewe na mzee, kila mtu na wake, na muombe mechi ambazo si kubwa. Za Liverpool na City sahau.

La pili usikate treni mapema. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, nisikilizeni. Ratiba ikitoka mechi nyingi zinaandikwa Jumamosi saa tisa alasiri, halafu TV wanachagua za kwao na kuzihamisha, ya Jumamosi inaenda Jumapili au Jumatatu saa mbili usiku, na treni zile za bei nafuu nyingi hazirudishwi pesa. Mimi naenda ugenini na timu yangu, nimeshapoteza nauli na hoteli kwa sababu mechi ilisogezwa nikiwa nimeshaomba na ruhusa kazini, klabu nilipowaandikia wakanijibu kwamba tarehe zinaweza kubadilika. Mechi ikiisha saa nne usiku huko kusini mtu wa Newcastle, kaskazini kabisa, anarudi kwao na nini? Tarehe 26 Desemba 2025 ligi kuu nzima ilikuwa na mechi moja tu, United na Newcastle, hapohapo Old Trafford, saa mbili usiku, siku ambayo treni karibu hakuna nchi nzima. Kuna mtu aliikubali hiyo ratiba na akasaini.

Kwa mkataba wa TV ulioanza msimu wa 2025/26 vituo vya Sky na TNT wanaonyesha mechi 267 kati ya 380 za msimu. Pesa zinazoingia ni za kufuru, za nje pia, zikiwemo za sisi kina sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tukilipia kiingilio, na siwalaumu ndugu zetu, mzee wako ana haki kabisa ya kuipenda timu yake akiwa Tanga. Ila pesa zikiwa nyingi hivyo kwa nini anayekaa pale kwenye mvua ndo aongezewe bei? Novemba 2024 United wenyewe walipandisha tiketi zilizobaki mpaka pauni 66 katikati ya msimu, mtoto 66, mstaafu 66. Mstaafu huyo anakaa kiti kilekile miaka nenda rudi na kelele za uwanjani ni zake, hizo kelele ndo wanaziuza kwenye TV dunia nzima.

Na wakigomewa wanasikia. Februari 2016 Liverpool walitaka tiketi ya pauni 77, mashabiki wakanyanyuka dakika ya 77 wakatoka maelfu, timu inaongoza 2-0 dhidi ya Sunderland, mechi ikaishia 2-2, siku chache baadaye wenye klabu wakafuta ile bei. Ugenini nako kelele za mashabiki ndo zimeleta kikomo cha pauni 30 toka 2016/17. Kwa hiyo tuache kusema "ndo mpira wa kisasa", tujiunge na vyama vya mashabiki vya klabu zetu, wageni tuko wachache sana kwenye ile mikutano.

Halafu mwandae mzee, mechi ya Jumamosi saa tisa huku haionyeshwi kwenye TV, ni marufuku toka zamani ili watu waende viwanjani. Tanga angeiona vizuri tu, Manchester hapana.

--------

Naunga mkono hapo juu, mimi niko Manchester. Dada ukikosa kabisa mpeleke ziara ya uwanja na makumbusho pale Old Trafford, hiyo unakata mtandaoni kawaida tu bila kugombania. Halafu siku nyingine mpeleke Moston kuwaona FC United of Manchester, ni mashabiki wa United waliojitoa 2005 tajiri wa Kimarekani Glazer alipoinunua klabu wakaanzisha yao, kila mwanachama kura moja, uwanja wao Broadhurst Park wamechangia wenyewe kuujenga. Ni ligi za chini lakini nyimbo ni zilezile na watu wanaongea na wewe. Mvalishe mzee soksi mbili. Mkija niambieni, nina gari, nitawachukua stesheni.