Karatasi Isitiwe Saini Kabla ya Alhamisi

JUMATATU

Dada Mkubwa, 18:52
Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Nimetoka kumwona Baba Mapacha. Mguu umefungwa vyuma na anazungumza vizuri, lakini hakumbuki chochote tangu lori lilipomgonga kwa nyuma mpaka alipozinduka wodini. Naomba kila mmoja asome ujumbe huu hadi mwisho, kwa sababu lile lori bado limeegeshwa kituo cha polisi na wenyewe wameshaanza kuomba wakalitengeneze. Malori makubwa ya siku hizi yana kompyuta ya injini ambayo mara nyingi huhifadhi mwendo na namna breki zilivyokanyagwa katika sekunde za mwisho, na lori likirudi kazini kumbukumbu hizo huweza kufutika. Kwa hiyo tunahitaji wakili wiki hii, si baada ya mguu kupona, ili awaandikie barua ya kuwataka wahifadhi kila kitu kama kilivyo.

Dada Mkubwa, 19:20
Ninaona watu kumi na mmoja mmeshasoma. Naomba mnijibu.

Kitindamimba, 19:41
Nipo, Dada, nilikuwa kazini. Pole sana kwa kuhangaika peke yako.

Baba Mdogo, 19:46
Binti yangu, ninauelewa uchungu wako, lakini tuseme kweli. Baba Mapacha hakuwa amefunga mkanda, na askari ameliandika hilo. Mtu ambaye hakufunga mkanda atadai nini mbele ya hakimu? Ninaona ni heri wapokee kile ambacho bima inatoa, hospitali ilipwe, mambo yaishe.

Mwalimu, 20:03
Baba Mdogo, kwa heshima zote, kutofunga mkanda si lazima kuliue dai. Mara nyingi hulipunguza tu. Kesi inayotajwa sana ni ya Froom dhidi ya Butcher, ambayo Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliiamua mwaka 1975: fidia ipungue kwa asilimia 25 ikiwa mkanda ungezuia majeraha yote, kwa asilimia 15 ikiwa ungeyapunguza sana, na isipungue hata kidogo ikiwa mtu angeumia vilevile. Kila nchi ina hesabu yake, lakini swali la kwanza ni la daktari: je, mkanda ungeuokoa mguu uliobanwa chini ya dashibodi?

Kitindamimba, 20:06
Samahani, Baba Mdogo, hata lile lango lililogongwa na gari lako halikuwa limefunga mkanda 😂

Shangazi, 20:07
😂😂 Lango lile lingepata wakili, leo lingekuwa tajiri.

Baba Mdogo, 20:09
Breki zilikuwa na hitilafu siku ile, na fundi alithibitisha.

Binamu, 20:10
Mara zote mbili?

Dada Mkubwa, 20:12
Jamani, ndugu yetu amelala na vyuma mguuni. Baba Mdogo, hayo ya breki ndiyo hasa ninayotaka tuyafuatilie, kwa sababu katika ajali ya lori anayejibu si dereva peke yake. Yupo mwajiri aliyemtuma, yupo mwenye lori ikiwa ni mtu mwingine, yupo aliyepakia mzigo kupita kiasi, na yupo aliyetakiwa kukagua breki akasaini bila kukagua. Tena nataka saa za dereva zitazamwe. Marekani dereva wa lori la mizigo haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11 kabla ya kupumzika saa 10 mfululizo, lakini kampuni inalazimika kutunza kumbukumbu hizo kwa miezi 6 tu. Ukichelewa kuziomba, unakuta zimeshatupwa na hujavunjiwa sheria yoyote.

Baba Mdogo, 20:20
Na ada ya wakili nani ataitoa? Mimi bado ninasema wapokee.

Shangazi, 20:31
Hivyo hivyo ndivyo ulivyosema kwa mume wangu. Ulikuja na karatasi na kalamu, ukasema mambo yaishe. Mguu ulipohitaji upasuaji wa pili, tukaambiwa dai lilishafungwa kwa saini yenu na hakuna mlango wa kurudi. Sikuwahi kulisema katika kikundi hiki, lakini leo nimelisema.

Babu, 21:34
Nimesomewa maneno yenu yote tangu juu. Karatasi ya mkwe wangu, huyu kijana aliitia saini kwa sababu mimi nilimwambia. Nilitaka deni la hospitali liishe. Msimwulize tena yeye, niulizeni mimi. Na safari hii isitiwe saini karatasi yoyote mpaka mwanasheria aisome.

Shangazi, 22:15
Nimesikia, Baba.

JUMANNE

Dada Mkubwa, 06:40
Kuhusu ada: wapo mawakili wanaolipwa sehemu ya fidia kesi ikifanikiwa, na Marekani huwa karibu theluthi moja, lakini zipo nchi ambazo sheria inakataza utaratibu huo. Tutauliza kwa maandishi, pamoja na kama gharama za mahakama na za ripoti ya daktari zinakatwa kabla au baada ya sehemu yake, maana hapo ndipo majeruhi wengi hushtuka. Tutauliza pia ukomo wa muda wa kufungua kesi: Uingereza ni miaka 3, jimbo la California miaka 2, jimbo la Tennessee mwaka 1, nasi hatujui wetu. Ninaomba mtu wa kukusanya risiti zote na picha za eneo la ajali. Mama Mapacha, tafadhali sema neno.

Binamu, 12:18
Picha ninazo mimi, za alama za matairi pia. Nitazituma nikifika nyumbani.

Mama Mapacha, 17:55
Nisameheni, simu iliisha chaji. Mtu wa bima amekuja leo mara ya pili. Ameacha hati ya kupokea fidia na kusema kiasi kilichoandikwa humo kitaondolewa Ijumaa. Alitaka pia kumrekodi mgonjwa akieleza ajali, nikamwambia amelala. Sijasaini, lakini hospitali nao wanaidai familia.

Dada Mkubwa, 17:57
Umefanya vyema sana, mdogo wangu. Ipige picha hati yote, hata nyuma yake. Alhamisi asubuhi ninakwenda kwa wakili. Nani atanisindikiza, na nani atabaki na mapacha?

Dada Mkubwa, 19:30
Nani?

Baba Mdogo, 21:02
Nitakuja mimi, nikipata ruhusa kazini. Shangazi yenu akikubali, tungekwenda naye.

Kitindamimba, 21:40
Na mapacha?