Kemia tupu, Kemia na Ualimu au Famasi: ipi inarudisha ada mapema?

Kaka wa Singida
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita, PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), Kemia ana A. Dirisha la maombi ya vyuo liko wazi na nyumbani hakulaliki. Yeye anataka shahada ya Kemia tupu, miaka 3. Mama anataka Kemia na Ualimu, nayo miaka 3. Mjomba, ambaye ndiye atakayelipa, anasema Famasi. Uhandisi wa kemikali tumeutoa mapema kwa sababu unataka hisabati ya advansi na yeye ana BAM tu, ile hisabati ya msingi. Naomba mnisaidie kwa upande wa hela: nani anaanza kushika chake mapema, na nani anafika mbali?

Mtu wa Tanuri
Mkuu, mimi nina Kemia tupu. Niko maabara ya kupima dhahabu Kanda ya Ziwa, huu mwaka wa saba. Nisikufiche, baada ya kuhitimu nilikaa nyumbani miezi 14. Kilichonitoa ni fildi ya mwaka wa pili, maana nilikwenda kusaga mawe wakati wenzangu wametafuta ofisi za karibu na kwao.

Kazi yenyewe iko hivi. Mwamba unasagwa mpaka unalainika kama unga wa sembe, unachanganywa na oksidi ya madini ya risasi, unaingia tanuri la nyuzi zaidi ya 1,000. Risasi inayeyuka na kuzama na dhahabu yote. Kisha tunairudisha motoni kwenye kikombe kinachoinyonya risasi, na asubuhi unachungulia unakuta kitone kidogo kuliko punje ya ulezi. Kitone hicho ndicho kinachowaambia wenye mgodi wachimbe pale au wahame. Mtu anayeaminiwa nacho analipwa vizuri, na kwa ninavyoona hapa nilipo, anamzidi mwalimu wa serikali anayeanza.

Lakini mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa miezi 6, na kila mara tunapimwa damu kuangalia risasi. Hilo nalo liingie kwenye hesabu.

Mwalimu wa Moles
Mtu wa Tanuri umesema kweli, ila hiyo miezi 14 usiipite haraka. Mimi nilisoma Kemia na Baiolojia na Ualimu. Mwezi wa pili baada ya kumaliza nilikuwa darasani, shule binafsi. Mshahara mdogo, ndiyo, lakini ulikuja kila mwezi, na twisheni ya likizo iliniwezesha kumlipia mdogo wangu ada. Shule binafsi ikimpata mwalimu wa Kemia anayefundisha vitendo, haimwachii. Serikalini ni habari nyingine, siku hizi walimu nasi tunaitwa usaili na watu ni wengi.

Na msisahau Bodi ya Mikopo. Ukiajiriwa inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye laki nane, laki na ishirini inaondoka kabla hujaiona. Afadhali ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa inaongeza deni kila mwaka ilifutwa 2021.

Mfamasia Mbeya
Mjomba ana hoja. Famasi ni miaka 4, halafu mwaka 1 wa utarajali, kwa hiyo wenzako wa Kemia wanakutangulia miaka miwili. Ila ukisajiliwa na Baraza la Famasi una kitu ambacho mkemia hana hata akiwa na PhD: famasi haifunguliwi bila mfamasia aliyesajiliwa. Mwenye mtaji anakutafuta wewe. Hiyo ndiyo tofauti ya hela, sheria imekuwekea nafasi.

Ila kama binti hapendi wagonjwa wala kusimama kaunta, msimsukume. Nimesoma na waliosukumwa, nimeona walivyoumia.

Binti wa Mbagala
Jamani mbona mnazungumzia ajira tu? Nina Kemia tupu, natengeneza sabuni ya maji. Mtaani wengi wanapima kwa kikombe, wakiona nyepesi wanaongeza chumvi. Chumvi inakaza sabuni mpaka kiwango fulani, ikizidi inarudi kuwa maji. Nami nilimwaga pipa la lita 200 kabla ya kuacha kukisia. Sasa naongeza gramu kwa gramu, naandika kwenye daftari, na pH naipima kila pipa. Wateja wangu ni hoteli na shule, wanataka sabuni ya leo iwe kama ya mwezi uliopita. Nilianzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakanipa barua, nikaenda nayo TBS, shirika la viwango. Mwaka wa kwanza sikuona faida hata kidogo. Wa tatu ndio nilianza kulipa wasaidizi wawili.

Kaka wa Singida
Nawashukuru sana. Mjomba amesoma yote, amekaa kimya. Kwa A hiyo tutafuatilia pia ufadhili wa Samia, ule wa serikali kwa waliofaulu sana sayansi. Na hizi kazi za Mkemia Mkuu, TBS, TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), mamlaka za maji?

Mtu wa Tanuri
Zipo, zinatangazwa Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, ila nafasi mbili watu mia kadhaa. Aombe, asizisubiri. Kama moyo wake uko kwenye Kemia, mtafuteni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo mnachokitaka, mumuulize swali moja: mashine ya AAS, ile ya kupima kiasi cha metali kwenye sampuli, ameishika mara ngapi kwa mkono wake? Mimi kwenye usaili niliambiwa niiwashe.

Kaka wa Singida
Nimempata mmoja leo. Anasema mara mbili, tena wakiwa 12 kwenye mashine moja. Wa chuo cha pili anasema kila wiki kwa muhula mzima. Namba zao nimempa mdogo wangu, yuko nje anaongea nao.