Ushauri wenu wakuu: nimepata nafasi ya uzamivu Sweden, takwimu za magonjwa. Niende au nibaki Kigoma?

Mtakwimu wa Mwanga: Habari za jioni wakuu. Niko Mwanga hapa Kigoma, naingiza takwimu za wagonjwa kituoni, mwaka wa kumi na moja sasa. Nimepata nafasi ya uzamivu, mbinu za takwimu kwenye epidemiolojia: unakadiriaje mwenendo wa mlipuko wakati rejista zina mapengo. Miaka 4. Natakiwa nijibu Ijumaa. Usingizi sina.

Mama Dagaa Kibirizi: Hongera mwanangu. Huko baridi kali, beba dagaa wakavu. Ninao.

Kinyozi Gungu: Shemeji yangu alikwenda Ujerumani 2011 kusomea mambo ya maji. Dada bado anauza vitenge Ujiji, kila Ramadhani anaambiwa "mwakani". Kaa na wanao.

Mtakwimu wa Mwanga: Sijaoa mkuu.

Kinyozi Gungu: Ndiyo kabisa usiende.

Mstaafu wa Afya: Sweden mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida anaajiriwa, analipwa mshahara na ada halipi. Kwa hiyo kinachokunyima usingizi si pesa. Hizo rejista ni za nani?

Mtakwimu wa Mwanga: Za kipindupindu, Mei 2015, kijiji cha Kagunga, mpakani na Burundi.

Mstaafu wa Afya: Nimeuliza ni za nani, sijauliza za nini.

Mtakwimu wa Mwanga: Basi niseme. Nilikuwa wa kujitolea. Nilidandia bodaboda siku hiyohiyo nikaenda Kagunga, wakimbizi wa Burundi wamejaa ufukweni. Nilikuwa naandika daftari. Usiku nilipiga picha kurasa zote kwa simu, maana zilikuwa zinalowa klorini na wino unatoka. Kwenye maombi nimeandika kwamba data ninayo. Lakini bila mimi zingeoza! Hata John Snow, yule daktari aliyechunguza kipindupindu London 1854, alitumia orodha ya vifo.

Mstaafu wa Afya: Snow aliiomba ofisi ya usajili, wakampa. Kisha akabisha hodi nyumba kwa nyumba. Wewe una kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba? Mkataba wa kupeleka data nje ya nchi? Mwajiri anajua?

Mtakwimu wa Mwanga: Vibali nitafuata nikishafika. Mzee, elewa uzuri wa kazi yenyewe. Safu ya umri tuliandika "mtu mzima", "mtoto", kwingine mstari tu. Hujazi namba moja ukajidanganya. Unajaza mara nyingi, kila mara makisio tofauti, kisha unaunganisha majibu ili mashaka yaonekane. Mtakwimu Rubin aliandika kitabu kizima juu ya mbinu hii 1987.

Nahodha Mstaafu: Samahani, bodaboda gani ya kwenda Kagunga 2015? Kule ilikuwa ni ziwa tu, nyuma yako mlima. Hii hadithi ya kutungwa. Wiki ijayo ataomba nauli.

Kinyozi Gungu: 😂😂 Nilijua! Mtu hajaoa, atapata wapi Sweden.

Mtakwimu wa Mwanga: Bodaboda ya kunifikisha Kibirizi, kisha boti! Nimeandika haraka.

Nahodha Mstaafu: Haya, meli ya Liemba iliyobeba wakimbizi ilifunga wapi?

Mtakwimu wa Mwanga: Haikufunga. Ilikaa majini, watu wakavushwa kwa mitumbwi. Kigoma walishukia, wakapelekwa uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi ya kambi ya Nyarugusu.

Nahodha Mstaafu: Hayo hata gazetini yalikuwepo. Weka hapa ukurasa mmoja tuone.

Mtakwimu wa Mwanga: Naweka sasa hivi.

Mstaafu wa Afya: USIWEKE! Kuna majina ya wagonjwa humo.

Mtakwimu wa Mwanga: Nitafunika majina.

Mstaafu wa Afya: Sweden umeshatuma chochote?

Mama Dagaa Kibirizi: Mjibu mzee, mwanangu.

Mtakwimu wa Mwanga: Kurasa 6. Za mfano tu. Ilikuwa saa nane usiku, siku ya mwisho ya maombi, bando linakata. Sikufunika.