Tupeane uzoefu: posho, wapagazi na ulinzi wa reli mpakani, vita vya 1914–1918

Mwanzisha mada
Wakuu, tukigusa vita vya Smuts (jenerali wa upande wa Waingereza) na von Lettow-Vorbeck (kamanda wa Wajerumani) huku kwetu tunaishia kwenye mapigano ya Tanga na Mahiwa, nani alimpiga nani. Leo tushuke stoo. Wajuzi wa ugavi wekeni hesabu: jeshi lililishwaje, na mpaka kati ya Waingereza (Kenya ya leo) na Wajerumani (Tanzania bara ya leo) ulilindwaje? Habari za babu zetu tuziwekee uzi wake.

Karani wa Posho
Anza na kichwa cha mpagazi. Kinabeba kilo 25 hivi, na mwenyewe anakula kilo moja ya unga kwa siku, akienda na mzigo na akirudi mikono mitupu.

Bohari ikiwa mwendo wa siku 5 nyuma ya jeshi, safari nzima ni siku 10. Anakula 10, anafikisha 15. Kulisha watu 1,000 lazima wafike wapagazi 67 kila siku, yaani 670 wawe njiani muda wote.

Sogeza jeshi lifike siku 10. Anakula 20, anafikisha 5. Wanatakiwa 200 kila siku, na mzunguko ni siku 20: watu 4,000. Umbali mara mbili, wapagazi mara sita! Ukipita siku 12 mzigo wote umeishia matumboni. Hapo sijagusa risasi, wagonjwa, wala bwana mkubwa na hema lake.

Mgeni Kidogo
Si wangepokezana vituoni?

Karani wa Posho
Kupokezana kunapunguza uchovu, hakupunguzi njaa. Mzigo ukitembea, kuna mtu chini yake anayekula. Kinachookoa ni chombo kisichokula unga: reli, lori, mashua. Farasi, nyumbu na ng'ombe walijaribiwa, mbung'o wakawamaliza kwa maelfu.

Fundi Mataruma
Ndiyo maana kulinda mpaka kulikuwa kulinda reli. Wajerumani waliiteka Taveta, mji wa mpakani upande wa Waingereza, Agosti 1914, na kutoka upande huo wakawa wanatuma vikundi vidogo vyenye baruti kuvizia reli ya Uganda, ile ya Waingereza itokayo Mombasa. Kati yao na reli kulikuwa na nyika kavu, kwa hiyo doria yenye akili hukaa kwenye maji: ukishika visima, mvamizi hana pa kunywa akienda wala akirudi.

Waingereza wakatanguliza mabehewa ya mchanga mbele ya injini yapokee mlipuko. Wajerumani nao wakaunda mtego unaoacha ekseli kadhaa zipite kwanza.

Dawa yenyewe ilikuwa tawi la reli ya Waingereza kutoka Voi kuelekea Taveta, lililofika Maktau mwaka 1915, pamoja na bomba la maji. Smuts alipoivamia Taveta Machi 1916, unga na maji vilikuwa vimeshatangulia. Baada ya hapo akasonga mbele haraka kuliko stoo yake, na askari wakafika Morogoro Agosti wakiwa hoi kwa njaa na homa. Reli ya Kati (Dar es Salaam hadi Kigoma) ilikuwepo, lakini madaraja yalikuwa yamelipuliwa. Yakawekwa ya magogo yasiyohimili injini, magari yakafungwa magurudumu ya reli ili yapite.

Sufuria Kubwa
Mnasahau chungu. Unga wa mahindi uliokobolewa vibaya unataka kuni, maji na muda. Kundi likifika kambini usiku, mvua inanyesha, sufuria moja kwa watu wengi, wanakula uji mbichi. Waliozoea wali au ndizi ndio huanza kuhara, halafu damu. Utapeleka unga kamili na bado watu watakufa. Tiba: wapishi wakae kambini, chakula kiive kabla msafara haujafika. Upande wa Waingereza pekee walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi, si risasi. Jina Kariakoo ni hilo hilo jeshi la wapagazi, Carrier Corps.

Mvuka Ruvuma
Lettow alikata hesabu yote hiyo kwa kutokuwa na bohari. Novemba 1917 alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, akaipiga ngome ya Wareno Ngomano, akapata bunduki, risasi na nguo. Tangu hapo stoo yake ilikuwa ya adui na mashamba ya wanakijiji, ambao hakuna aliyewauliza.

Karani wa Posho
Ongeza na hili: kabla ya kuvuka aliwaacha nyuma wagonjwa na wote wasioweza mwendo, Wazungu kwa askari, kwa sababu kwinini na risasi havikuwatosha.